Ndege wa Chini ya Shamba

Msikilizaji, kama uko nyumbani pande za Nyamira au Kisii, kabla hujaongeza sauti ya redio naomba uipunguze kidogo. Fungua dirisha. Ule mlio mkali unaopita juu ya paa, kama wa mtu anayegomba huku anatembea, ni wa kwarara. Usiku alilala mtini, na sasa anashuka bondeni kutafuta nyungunyungu. Mfuate kwa macho uone anakotua: chini kabisa ya shamba, ardhi inapolowa, mahali ambapo ukikanyaga vibaya unarudi nyumbani na kiatu kimoja.

Huko ndiko nataka tushuke pamoja asubuhi hii.

Februari hii Ulaya imo ndani ya baridi. Kuna watu huko ambao msimu kama huu huvaa makoti ya kuzuia maji, wakajipenyeza ndani ya kayaki, yaani kile chombo chembamba cha mtu mmoja, na kupiga kasia taratibu katika vinamasi vya pwani ili watazame ndege. Wengine huzunguka kwa miguu kwenye kingo za matope, darubini shingoni. Bata hawawakosi, maana wengi wao wametoka kaskazini zaidi kukimbia barafu. Lakini ndege waliowaimbia kiangazi chote hawapo. Mmoja wa hao nilimwona jana saa tatu asubuhi, hapa Nyamira, akikimbia katikati ya miguu ya ng'ombe wa jirani yangu.

Anaitwa kiluwiluji wa manjano. Umemwona mara nyingi, hata kama hukujua jina. Ni mwembamba, kifua kama ua la alizeti, mkia mrefu usiotulia. Anapiga hatua tatu, anautikisa, anapiga tatu nyingine. Ng'ombe akiinua kwato, wadudu wanaruka kutoka majanini, naye yupo pale pale kuwadaka. Uzito wake ni gramu 17 hivi, kama vijiko vinne vya sukari ya chai. Na mwili huo mdogo umevuka bahari ya Mediterania, ukavuka Sahara, ukaja kupumzika kwenye malisho yetu yenye umande. Hufika Septemba na Oktoba. Ifikapo Aprili, mvua ndefu ikiwa imeshika, unatazama miguu ya ng'ombe na humwoni tena.

Mbayuwayu naye ni hivyo hivyo. Wale wanaojipanga kwenye waya za stima wakati wa jioni, migongo ya buluu inayong'aa na mikia iliyogawanyika, wengi wao wamezaliwa chini ya mapaa ya mazizi ya Ulaya. Zamani wazungu wenyewe hawakujua wanakokwenda. Wengine waliamini kwamba hujizika kwenye matope chini ya mabwawa hadi baridi ipite. Jibu likaja kwa pete ya chuma. Mwezi Mei 1911, wakili mmoja wa Staffordshire, Uingereza, John Masefield, alimvisha pete mguuni mbayuwayu aliyekuwa na kiota kwenye baraza ya nyumba yake. Tarehe 23 Desemba 1912 ndege yule akapatikana Natal, Afrika Kusini, siku mbili kabla ya Krismasi, mbali na baraza ile kwa kilomita karibu 10,000.

Kila nikifikiria tarehe ile huona barabara zetu za Desemba. Matatu zinatoka Nairobi zimejaa hadi mlangoni, magunia juu ya paa, watoto wamelala mapajani mwa mama zao, na kila anayeteremka Keroka au Kebirigo anapokelewa na mtu. Kwetu mgeni, omogeni, hafiki akakosa mahali pa kukaa. Anapewa kiti kabla ya kuulizwa habari. Basi hawa wageni wengine, wanaokuwa kwetu msimu uleule wa watu wetu kurudi nyumbani, tunawapa kiti gani?

Kiti chao ni kinamasi, na kinamasi tunakimaliza.

Nirudi nyuma nieleze ardhi yetu ilivyokaa, kwa msikilizaji aliyeko Garissa au Tanga asiyepajua Gusii. Huku ni vilima na mabonde, kilima baada ya kilima, na nyumba ziko juu mgongoni. Baba anapogawa shamba halikati kama keki. Analikata kwa vipande virefu vinavyoshuka, kila mwana apate sehemu ya barabara huko juu, ya chai na ndizi katikati, na ya maji huko chini. Ni haki kabisa; hakuna anayepewa jabali mwenzake akapewa kijito. Lakini baada ya vizazi vitatu vinne, vipande vile vimekuwa kama mikanda. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii peke yake ina watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba, na wengi wao ni watu wa vijijini wanaolima.

Kwa hiyo kinamasi cha bondeni, ambacho kwa macho ya ndege ni kitu kimoja kirefu, kwenye vitabu vya ardhi ni mikia ya mashamba 50 au 100. Kila mkia una mwenyewe. Mmoja amepanda nduma, wa pili matete ya ng'ombe, wa tatu amechimba bwawa la samaki, masalio ya ule mpango wa serikali wa kufufua uchumi wa mwaka 2009 uliotuletea mabwawa vijijini. Wa nne amepanda mikaratusi. Nduma ndege anaivumilia, hata anaipenda, maana hapo maji yanabaki na majani yanamficha. Bwawa la samaki linamleta mdiria, na mwenye bwawa anamkasirikia. Mikaratusi ndiyo inayofunga mlango.

Sisemi haya kama mtu aliyesimama pembeni. Marehemu babu yangu alikuwa na chemchemi chini ya shamba lake. Nilipokuwa mdogo tulitumwa kuchota hapo kabla ya shule, na kila mara kulikuwa na fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, amesimama majini akikoroga tope kwa mguu mmoja ili vyura watoke. Tulimngoja amalize, tukachota. Halafu karo ya sekondari ikapanda, na babu akapanda mikaratusi kuzunguka chemchemi ile, kwa sababu mti ule hukua upesi mahali penye maji kuliko popote, na viwanda vya chai vinahitaji kuni, na nguzo za stima zina wanunuzi. Miti ile ilinisomesha. Kalamu niliyoandikia maneno haya imetoka humo. Chemchemi nayo ilipungua mwaka hadi mwaka, ikabaki doa la unyevu, kisha likakauka. Fundichuma hakuaga.

Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyopandwa kwenye vyanzo vya maji ing'olewe kote nchini. Wako waliong'oa. Wengi walingoja upepo upite, na ukapita. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 nazo zilikataza kulima au kujenga karibu na mto, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kutoka ukingoni. Kwenye shamba la ekari 100, mita 30 ni kitu kidogo. Kwenye mkanda wa robo ekari unaoshuka hadi kijitoni, mita 30 zinaweza kuwa nduma yote ya mwaka. Yeyote anayekuja kijijini na kanuni ya namna hiyo mkononi, bila kitu kingine, ajue anamwambia nani aache nini.

Nilielewa hilo vizuri siku moja Sironga. Kinamasi cha Sironga kiko karibu na mji wa Nyamira, na hadi leo ni mojawapo ya mahali ambapo unaweza kusimama ukaona jinsi mabonde yetu yalivyokuwa: ndago na matete yanayumba, maji yanametameta katikati, yangeyange weupe kama nguo zilizoanikwa. Pembeni kuna mashimo ya udongo wa matofali na matanuri yanayofuka moshi. Kijana mmoja alikuwa amezama hadi magotini akichimba. Nilimsalimia, akaniita mzee, tukaongea. Nikamwonyesha ndege kwa darubini. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akanirudishia, akasema kwa upole kabisa: "Mzee, ni wazuri. Lakini hawa hawalipi karo."

Sikuwa na jibu. Mimi, ambaye karo yangu ililipwa na mikaratusi, ningemjibu nini? Nikamwachia namba yangu ya simu, nikamwambia akiona kitu cha ajabu humo ndani anipigie. Kijana huyu tutamrudia.

Wengi mnaniuliza ndege hawa nawaonaje, maana mkienda bondeni wanaruka wote. Mnaenda mkiongea. Shuka mapema, kabla ya saa moja, umevaa gambuti na nguo isiyo nyekundu wala nyeupe. Ukifika ukingoni simama. Usitafute chochote kwa dakika kumi. Mara ya kwanza dakika hizo ni ndefu kama mahubiri, lakini ndege wanaanza kukuona kama kisiki, na kisiki hakiogopwi. Darubini moja inatosha watu watano. Kule Nairobi, pale Makumbusho, Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi mwaka 1971, na watu wengi walioshika darubini kwa mara ya kwanza nchini humu waliishikia kwenye matembezi hayo, ya kuazimwa. Sijui kwa nini kila mji wetu usiwe na asubuhi yake.

Wala usidhani lazima pawe pazuri. Mmoja wa wageni ninaowapenda zaidi nilimwona mjini Kisii kwenyewe, kwenye kijito cha Nyakomisaro, kile kinachopita katikati ya mji kikibeba kila tunachokitupa. Ni kitwitwi, ndege wa mgongo wa kahawia na tumbo jeupe, ambaye hawezi kusimama bila kuinua na kuinamisha kiuno chake, kama anakubali jambo mfululizo. Alikuwa juu ya jiwe, chini yake mfuko wa plastiki, juu yake kelele za makanga wakiita abiria. Ndege huyu huzaa kando ya mito safi ya kaskazini, baridi kama barafu. Nikasimama kwenye ukingo nikamtazama akidonoa kwenye povu la sabuni, na nikaona haya kama mwenye nyumba aliyekutwa na mgeni kabla ya kufagia.

Sasa twende kwenye maji makubwa, maana nilianza na habari za kayaki.

Maji yote ya Gusii yana safari moja. Gucha inaanzia kwenye miinuko ya Kiabonyoru, Nyamira, inakatiza Kisii, inaingia Migori ambako ndugu zetu Waluo wanaiita Kuja, na kumwagika Ziwa Victoria. Eaka, Charachani, Mogonga, Bisembe, kila jina unalolijua la rooche, yaani mto, wa utotoni mwako, linaishia ziwani. Sondu, inayotupakanisha na Kericho, nayo inashukia huko huko. Siku angavu, ukisimama juu ya ukingo wa Manga, ziwa lenyewe linaonekana kwa mbali kama bati jipya. Sisi watu wa milimani tuna pwani, ila imekaa chini kidogo.

Basi Januari nikapanda matatu Kisii, tukashuka kupitia Oyugis na Sondu hadi tambarare za Nyakach, joto likiongezeka kila kilomita, nikaenda ufukweni. Kwenye ufuko huu wa ziwa kuna vinamasi vya mafunjo vinavyojulikana duniani kwa ndege wake, Kusa na Koguta huku Nyakach, Dunga karibu na Kisumu, na Yala mbele zaidi. Kayaki sikuwa nayo. Nilimkodi mvuvi na mtumbwi wake wa mbao, tukaondoka alfajiri, yeye nyuma na kasia, mimi mbele nimekaa chini kabisa kama alivyoniamuru.

Nilifahamu mara moja kwa nini wale watu wa Ulaya wanavumilia baridi kwa ajili ya chombo kidogo. Ukisimama kwenye nchi kavu ndege anaona umbo la mtu, lile lenye mabega na miguu miwili, ambalo mababu zake walijifunza kulikimbia. Ukikaa ndani ya chombo kilicho sawa na maji, umbo lile halipo. Wewe ni gogo linaloelea. Mnandi aliyekuwa anakausha mabawa juu ya mti wa nyavu alitutazama tukipita kwa umbali wa mita tatu, na hakukunja hata bawa moja. Mvuvi wangu alikuwa haliinui kasia kutoka majini. Alilizungusha chini kwa chini, lisidondoshe tone. Hakuna aliyemfundisha ili aone ndege. Ndivyo anavyovua.

Tukaingia kwenye mfereji kati ya kuta mbili za mafunjo, mirefu kuliko mtu na mtu mwingine begani, na mwanga ukawa kijani. Humo ndani kuna ndege ambao hawaishi mahali pengine. Mmoja ni mweusi mgongoni, mwekundu tumboni kama kaa la moto, utosi wa manjano. Dume na jike huimba pamoja, huyu anaanza na yule anamalizia, kwa usahihi ambao mpaka uwaone wote wawili unadhani ni koo moja. Mafunjo yakifyekwa na kuchomwa, ndege huyu hahamii kwenye mikorosho wala migunga. Hana kwingine. Tuliwangoja karibu saa nzima, na walipotokea mvuvi alininong'oneza jina lao kwa Kiluo kama mtu anayetambulisha majirani.

Tulipofika kwenye kona moja akaacha kupiga kasia, akainua kidole. Kiboko. Tukarudi nyuma bila kugeuza. Nikamwambia kwamba kwetu Wanchari, watu wa Bonchari, mnyama wao wa ukoo ni huyo, engubo, ingawa wanaishi milimani ambako kiboko hajazoeleka. Alicheka, akasema basi ninyi mlitoka huku. Na wazee wetu wanasema hivyo hivyo: kabla ya kupanda milimani, Abagusii walikaa tambarare za Kano, karibu na ziwa hili. Kinamasi kimo ndani ya majina yetu.

Maji yalikuwa ya kahawia karibu na mdomo wa mto, na mbele zaidi yakawa ya buluu, na mstari kati yao ulikuwa wazi kama mshono. Mvuvi akayachota kwa kiganja, yale ya kahawia, akayaacha yachuruzike. "Udongo wenu huu," alisema. Hakusema kwa ubaya. Kinamasi cha milimani ni kama sponji: mvua ikinyesha kinaishika, kisha kinaiachia kidogo kidogo hadi kiangazi. Kikikauka na kugeuzwa shamba au tanuri, maji yanashuka kwa mkupuo, na mchanga juu yake. Ndiyo maana watu wa Nyatike, kule Kuja inakomalizikia, wanahama nyumba zao kwa mafuriko ya mvua ambayo haikuwanyeshea wao. Mvua ile ilinyesha kwetu.

Nikiwa kwenye mtumbwi ule nilikumbuka jambo moja ambalo huwa nalisimulia kila ninapopata nafasi. Kuna ndege mdogo wa rangi ya udongo ambaye huzaa kwenye magugu ya vinamasi vya Ulaya, na baridi inapokuja hupitia mashariki mwa Kenya kwenda kusini mwa Afrika. Pale Ngulia, Tsavo Magharibi, ambako ndege wanaosafiri usiku wamekuwa wakivishwa pete tangu 1969, yeye ni mmoja wa wanaonaswa kwa wingi. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire aliwasikiliza ndege hawa kule Ubelgiji, akachapisha matokeo mwaka 1979. Aligundua kwamba wimbo wa dume hauna karibu chochote chake mwenyewe. Ni sauti za ndege wengine, kwa wastani aina 76 kwa kila dume, na katika hizo 45 ni za ndege wa Afrika. Anazisikia katika safari yake ya kwanza, anazibeba kichwani kuvuka jangwa, na mwezi Juni, kwenye kinamasi cha Ubelgiji, anamwimbia mchumba wake kwa sauti za kwetu. Mtu anayepita pale kwa kayaki anasikiliza Afrika na huenda asijue. Kinamasi kimoja kikinyamaza huku, kuna neno linapotea kwenye wimbo kule.

Lakini si wageni peke yao. Yuko mwenyeji mmoja ambaye kwa ajili yake sijalala vizuri mwezi mzima.

Korongo taji unamjua. Uganda wamemweka katikati ya bendera yao. Ana shada la dhahabu kichwani, shavu jeupe, kifuko chekundu kidevuni, na anacheza ngoma: anainama, anaruka, anafungua mabawa, na mwenzake anamjibu. Wakishaoana huishi pamoja miaka mingi. Tangu 2012 amewekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani, kwa sababu vinamasi vinakaushwa, vifaranga vinaibwa kwenda kufugwa kama mapambo, na nyaya za stima na sumu vinammaliza. Kule Tabaka mafundi wetu wanachonga ndege kwenye jiwe la Kisii, wanawalainisha kwa msasa mpaka wang'ae, na wanapelekwa hadi Marekani. Nimeshika korongo wa jiwe mara nyingi kuliko nilivyomwona aliye hai.

Tatizo lake ni kiota. Anajenga chini, katikati ya ndago, juu ya maji kidogo, na mayai huatamiwa mwezi mzima, baba na mama kwa zamu. Anataka utulivu mpana. Mkanda mmoja wa shamba haumtoshi. Hata mwenye shamba akiwa na huruma kiasi gani, jirani wa kulia akifyeka na wa kushoto akichoma, jozi ile inaondoka.

Wiki ya kwanza ya Januari, simu yangu ililia usiku. Alikuwa yule kijana wa matofali. Alisema alikuwa amehamia upande mwingine wa kinamasi kufuata udongo mzuri, akakata ndago hatua chache, na ndege mkubwa akainuka mbele yake asiruke mbali, akawa anamzunguka huku amefungua mabawa. Akaona mayai matatu. Akaniuliza: "Mzee, hili ndilo la ajabu?"

Nilifika kesho yake. Hakunipeleka kwenye kiota, na nilifurahi. Alinionyesha kwa mbali, kutoka kwenye kichuguu. Mahali pale palikuwa ni mikia ya mashamba manne. Mashamba mawili ni ya ndugu wasiosalimiana. Moja ni la mjane ambaye hukata nyasi zake hapo kila wiki kwa ajili ya ng'ombe wawili. La nne ni la mtu aliyeko mjini, na ndilo kijana alilokuwa amekodi kuchimba udongo. Pesa alikuwa ameshalipa.

Tulizunguka nyumba zote siku mbili. Sikwenda na kanuni yoyote mkononi. Nilikwenda na darubini. Yule mjane alitazama kwayo, akamwona korongo akigeuza yai kwa mdomo, akakaa kimya, kisha akasema majani atakata kule juu kwa mwezi mmoja, kwani hata yeye alikaa siku 40 ndani alipojifungua na hakuna aliyemsumbua. Wale ndugu wawili walikubali kila mmoja kivyake, bila kuongea na mwenzake. Kijana wa matofali akarudi kwenye shimo lake la zamani, lenye udongo wenye mchanga unaopasuka tanurini. Nilimuuliza pesa aliyokodia itakuwaje. Akasema atachimba mwezi wa tatu.

Tangu hapo amekuwa akinipigia kila jioni kunipa habari. Leo amekaa mke. Leo amekaa mume. Leo mvua imenyesha, maji yamepanda, tumeogopa. Mbwa amepita, tumemfukuza. Nimegundua kwamba anasema "tume".

Leo asubuhi, nikiwa nafunga viatu nije hapa studio, alipiga mapema kuliko kawaida. Alikuwa anaongea kwa kunong'ona, na nyuma ya sauti yake nilisikia kwarara wakipita. Alisema wametoka wawili, yai la tatu bado. Alisema wana manyoya kama pamba iliyotiwa chai, na kwamba tayari wanatembea, wanaanguka, wanainuka, nyuma ya mama yao, kuelekea upande wa shamba la yule mjane.